Hapa Hatubariki Mtu

Nyumbani kwetu kuna simu moja, nayo hukaa mfukoni mwangu. Simkatazi mke wangu kuwa na yake. Aliwahi kuwa nayo, ikatumbukia kwenye sufuria ya maharage, na tangu hapo husema kwamba anayemtaka anaujua mlango. Kwa hiyo mratibu wa uchaguzi wa sekta yetu, ambayo kwingine wangeiita kata, alipopiga alasiri ile, mimi ndiye niliyepokea, nikiwa kwenye migomba yangu hapa Gashonga, Rwanda, panga mkononi.

Nilijua anachotaka. Tangu turudi kutoka Bukavu, tulikokulia na kuoana, kila uchaguzi ulipofika mimi nilikuwa mkuu wa chumba katika shule ya msingi iliyo chini ya kilima chetu. Watu wanaofanya kazi siku ya kura kwetu ni wa kujitolea. Hawalipwi. Kinachowatoa kitandani ni heshima, na heshima ya chumba iko kwenye kiti cha mkuu. Yeye ndiye anayekaa meza ya mbele, ndiye anayewaonyesha watu kwamba sanduku ni tupu kabla halijafungwa, ndiye anayesema, "Tunaanza." Mke wangu alikuwa akikaa mlangoni na chupa ya wino, akiwachovya watu kidole wakishapiga kura. Asubuhi ya kura tulikuwa tukishuka pamoja, mimi mbele na yeye nyuma akibeba termosi ya chai.

"Niko tayari," nilimwambia mratibu kabla hajamaliza kunisalimu.

"Asante, Mzee. Lakini ni Maman tunayemtafuta. Yuko karibu?"

Nilipanda hadi jikoni, nikampa simu, nikabaki nimesimama kando yake nikijifanya kukagua ukali wa panga.

"Eee," alisema. "Eee. Mimi? Eee. Mungu akipenda."

Akanirudishia simu, akaendelea kumenya mihogo.

"Banasema nini?" niliuliza.

"Banataka niende kwa sekta banifundishe. Kisha nije nifundishe bantu ba kituo yetu."

"Wewe?"

"Mie."

"Na mimi?"

"Weye habakukutaja, Papa. Labda batapiga tena."

Niliibeba ile simu siku zilizofuata kama mtu anayebeba mgonjwa. Nilienda nayo shambani, nikaenda nayo kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, nikaiweka karibu na Biblia wakati wa maombi ya asubuhi. Ililia mara kadhaa. Watoto wetu walioko Kigali waliuliza habari za mvua. Mtu mmoja alikosea namba. Sekta haikupiga.

Baadaye nilisikia ni kwa nini walimchagua. Waliokuja kukagua kituo chetu katika uchaguzi uliotangulia walimwona mlangoni akifanya kazi yake, wakampenda. Mlangoni kwangu! Katika chumba nilichokiongoza mimi! Waliingia, wakanisalimu kwa mikono miwili, wakatazama karatasi zangu zote, kisha wakatoka na kumpenda mwenye wino.

Mimi ni shemasi. Nimefundishwa imani tangu utotoni, na nimewafundisha wengine kwamba baraka ya jirani ni sababu ya kumshukuru Mungu. Basi nilimshukuru. Niliomba kwa sauti, mke wangu akiwa amepiga magoti kando yangu, nikamshukuru Mungu kwa afya yetu, kwa mvua, kwa watoto, kwa amani ya nchi. Nilipofika kwenye kazi mpya ya mke wangu, koo likanikauka, ikabidi nikohoe. Yeye aliitikia "Amina" mapema kuliko kawaida, akaondoka kwenda kuvaa.

Siku alizofundishwa kwenye sekta alivaa kitenge kile cha harusi ya binti yetu. Pikipiki ilimfuata mpaka uani. Kila jioni alirudi na beji shingoni, uso umechangamka, mwongozo wa mafunzo kwapani, na maneno ambayo sikuwepo yaliposemwa. Alicheka peke yake akikumbuka jambo. Nikimuuliza ni nini, alisema, "Hungeelewa, ilipaswa uwe pale." Sikatai. Ilipaswa niwe pale.

Shamba letu limepakana na la mwimbishaji wa kwaya ya kanisa letu. Ni mtu mwema, lakini hajui kunyamaza. Hata kwenye mazishi lazima amnong'oneze jirani yake neno la kuchekesha. Yeye pia ni mtu wa kujitolea wa siku nyingi, na kazi yake ilikuwa kupanga watu kwenye mstari. Siku moja alinikuta napepea moto wa jikoni, akaegemea uzio.

"Mzee shemasi, leo nani anapika?"

"Maharage yanajipika yenyewe."

"Ndio nasikia! Formatrice sasa hapikie, anapikiwa." Hilo ndilo neno la Kifaransa walilompa kule kwenye mafunzo, formatrice, yaani mkufunzi, na kilima kizima kilikuwa kimeshalijua. "Na ile siku ya kura, ni weye utabeba termosi?"

"Nenda ukaimbishe kwaya yako."

"Nauliza tu, Mzee. Nataka nijue chai itaingia kwa mukono gani."

Alicheka mpaka akashika uzio. Mimi nilipuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Katika mambo yote ya uchaguzi ule, kitu kimoja tu kilikuwa bado chini yangu. Kwetu, chumba cha kura hupambwa kama ukumbi wa harusi. Langoni husimamishwa migomba, ukutani hutundikwa vitambaa, mezani huwekwa maua, na kila kituo hutaka kukipita kile cha kilima cha pili. Vitambaa vizuri vyote vya huku kwetu ni vya kanisa, na mtunzaji wake ni mimi.

"Papa," mke wangu alisema siku moja, "bitambaa bya ndoa biko na weye?"

"Viko ndani ya sanduku la kanisa."

"Nabihitaji. Byeupe tu. Rangi zingine zinaweza kufanana na za chama, bantu baseme tunapendelea."

"Vitambaa vya kanisa vinatoka kwa barua."

"Barua inaandikwa na nani?"

"Na mtunzaji."

"Inapelekwa kwa nani?"

"Kwa mtunzaji."

"Basi andika, baba. Mie nitakungoja hapa."

Nikaiandika, nikaisaini, nikajipelekea mwenyewe, nikajikubalia. Alipokea vitambaa kwa adabu zote, akipiga goti kidogo, na sikuweza kujua kama ananiheshimu au ananicheka.

Mafunzo ya kituo chetu yalifanyika katika shule ile ile. Yalikuwa kwa Kinyarwanda, kama inavyopaswa. Kiswahili ni cha sisi tuliotoka Kongo, ng'ambo ya mto, nasi tunakitumia hasa kwa kuomba na kugombana. Tulikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mke wangu alisimama mbele ya ubao. Nimeishi naye tangu tukiwa vijana na sikuwahi kumtazama kutoka chini namna hiyo. Alizungumza taratibu, bila kutazama karatasi. Alitusimamisha, tukainua mkono wa kulia, tukajizoeza kiapo. Aliinama kwa mzee mmoja asiyesikia vizuri akamkariria maneno sikioni. Watu walimtazama kama wanavyonitazama mimi nikisimama madhabahuni, na wengine zaidi.

Nilijiambia: vumilia, leo ni siku moja. Kwa sababu kulikuwa na kitu nilichokuwa nikikingoja. Mkufunzi wa kituo ndiye anayependekeza nani akae wapi, na sekta hukubali. Mkufunzi alikuwa mke wangu. Kiti cha mkuu wa chumba kilikuwa changu siku zote. Angempa nani?

Kisha tukaigiza siku ya kura. Nusu yetu tulikuwa wafanyakazi, nusu walikuwa wapiga kura, halafu tukabadilishana kazi. Mwimbishaji alijifunga kanga kichwani akaingia kama bibi kizee, amejikunja mgongo.

"Batoto bangu," alisema kwa Kiswahili chetu cha ng'ambo, kwa sauti nyembamba, "macho imekufa. Munionyeshe yule mwenye sura nzuri."

Chumba kizima kilicheka. Mke wangu hakucheka. "Bibi," alimwambia, "humu ndani hakuna anayekuonyesha sura. Umekuja na mtu wako unayemwamini? Huyo ndiye atakusaidia, mbele ya mkuu wa chumba." Akatugeukia. "Mmeona? Mmecheka, na bibi amesimama. Siku ile atakuwa bibi wa kweli."

Zamu yangu ilipofika, nilipewa wino. Niliona ni mchezo tu, kwamba mtu ajaribu kila kazi. Mpiga kura wa kwanza alitoka kwenye kibanda, akatumbukiza karatasi zake sandukuni, akaja kwangu. Nikashika kidole gumba chake, nikakichovya, nikasema, "Ubarikiwe."

Wa pili akaja. "Ubarikiwe."

Msomaji anielewe. Kila Jumapili, tangu kanisa letu lilipokuwa turubai, mimi husimama mlangoni ibada ikiisha. Hushika mkono wa kila anayetoka na kumwambia neno hilo. Mlango na mkono vikikutana, neno hutoka lenyewe.

"Papa," mke wangu alisema mbele ya wote. "Hapa hatubariki mtu."

Walicheka. Nilisema, "Ni neno jema."

"Ni jema sana. Lakini mtu huyu ametoka kibandani na siri yake. Huyu umembariki. Yule wa nyuma yake, kikohozi kikakushika, ukasahau. Atafika nyumbani atasema nini? Atasema mzee ameona nilichochagua, akaninyima baraka. Na mwingine atasema umembariki yule kwa sababu mmechagua mmoja. Neno moja tu, na siri ya chumba chote imeingiwa na shaka. Rudia."

Nikarudia. Nilibana midomo, lakini aliyenyoosha kidole alikuwa mjane ninayemwombea kila wiki, nikajikuta nimemwinamishia kichwa.

"Na kichwa pia, Papa," mke wangu alisema.

Akaja mwimbishaji, bado na kanga yake. Alinyoosha kidole akanitazama kwa huzuni ya uongo. "Mzee, miguu inaniuma. Niombee."

"Bwana akuponye," nilisema.

Sasa hata yule mzee asiyesikia alicheka. Nikarudi kwenye dawati. Mwimbishaji alivua kanga akachukua chupa ya wino, na mtu yule asiyeweza kunyamaza kaburini alichovya vidole vya watu wote, mmoja baada ya mwingine, akiwa kimya kama ukuta. Hakutabasamu hata kidogo. Waliojaribu kumtania walishindwa. Mke wangu alikuwa amefunga mikono, akimtazama, na niliyajua macho yale. Aliniangalia hivyo zamani, nilipohubiri kwa mara ya kwanza.

Njiani nilitembea mbele, kwa haraka.

"Ungeniambia nyumbani," nilisema bila kugeuka.

"Nyumbani haukukosea."

"Umefanya bantu bote banicheke."

"Ni mie nilibariki?"

Tulipanda mpaka kwenye kona ya mihogo.

"Na weye," nilisema, "myaka yote ulikaa kwa wino. Haukubariki hata mutu moja?"

"Hata moja."

"Nilifikiri ni haya."

"Najua ulifikiri ni haya. Ulikuwa kwa meza, mbali, na kazi yako. Mie kila mutu alipita mbele yangu na uso yake. Nilibafungia kinywa."

Nilitaka kuuliza juu ya kiti, nikashindwa, kisha nikauliza. "Na kiti yangu?"

"Kiti ni ya kituo, Papa. Kesho nitatoa majina."

Kesho yake alitoa majina kwenye uwanja wa shule. Mkuu wa chumba chetu: mwimbishaji. Yeye mwenyewe alishtuka, akanitazama kama mtu aliyepewa koti la mwenzake. Mimi: wino.

Yangu niliyasema nyumbani.

"Umeniweka pale pale niliposhindwa."

"Nimekuweka pale ulipojifunza. Hawa bengine bote sijue batakosea wapi. Weye najua, na weye unajua."

"Na yeye? Yule mucheshi?"

"Ulimuona?"

Nilimwona. Hilo ndilo lililoniuma. Kama angempa kiti mtu mvivu au mlevi, ningekuwa na la kuwaambia wazee wa kanisa. Nilifikiri kukataa. Ningesema mgongo unauma, na si uongo, unauma kweli. Lakini nilimwona mwimbishaji kwenye uzio akiuliza mgongo umeanza kuuma lini, nikaona ni heri niende. Niliomba asubuhi na jioni, nikamwambia Mungu kwamba nimekubali. Naamini alinisikia, na naamini alijua kwamba sijakubali.

Siku ya kura tuliamka mapema. Nilibeba termosi mwenyewe, kabla mtu hajauliza. Chumba kilikuwa kimependeza: vitambaa vya kanisa vimekunjwa kama maua, migomba miwili langoni, ukungu ukipanda kutoka bondeni. Tuliapa. Mwimbishaji akachukua sanduku. Miaka yote mimi nililiinua mbele yangu nikasema, "Mnaona ni tupu." Yeye alilipeleka mpaka dirishani, akaliinamisha, ili hata waliopanga mstari nje waone sakafu yake. Sikuwahi kufikiri kufanya hivyo. Nilitamani liwe wazo baya. Lilikuwa zuri.

Kisha vidole vikaanza kuja. Sikujua kwamba mwenye wino huwashika watu wote wa kilima. Kuna vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi, vilivyopasuka kwa jembe, kidole cha fundi mwashi kisicho na ukucha, kidole chororo cha msichana anayepiga kura mara ya kwanza. Wengi wao niliwabatiza. Walikuja na sura zao za Jumapili, wakanyoosha mkono, na baada ya wino wakasimama wakisubiri. Wakisubiri neno lao. Nilifunga kinywa, nikawatazama, nikamtazama anayefuata.

Bikizee mmoja wa kanisani alikataa kuondoka. "Shemasi, umenikasirikia?"

Nilitikisa kichwa tu, kumwambia hapana.

"Basi sema."

Mstari ulikuwa umesimama nyuma yake. Kwenye meza ya mbele mwimbishaji aliinua macho. Nilijua anachoweza kusema, na ningesema nini mimi kama ningekuwa mahali pake: ningemtania bibi, mambo yaishe. Yeye alikuja polepole, akampa bibi mkono, akamsindikiza mpaka nje bila neno, akarudi kukaa. Hakunitazama. Aliniachia heshima yangu nzima nzima, na hata hiyo niliionea wivu, kwamba ilikuwa mkononi mwake aniachie.

Karibu na adhuhuri mke wangu aliingia kupiga kura. Alikuwa amezunguka vyumba vyote vya kituo tangu asubuhi, beji shingoni, viatu vimejaa vumbi. Alionyesha kitambulisho, akapokea karatasi, akaingia kibandani, akatoka, akazitumbukiza. Akaja kwangu na kuninyooshea kidole gumba.

Kile kidole nakijua. Kina kovu la kisu cha kumenyea ndizi, alilopata mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Kila siku anapotoka nyumbani, iwe anaenda sokoni au Bukavu kuona ndugu, mimi hushika mkono ule na kumbariki. Hata zile siku za mafunzo ya sekta, nikiwa na moyo wangu ule mzito, nilimbariki uani, pikipiki ikinguruma.

Nilikichovya. Alinitazama mdomoni. Sijui alikuwa akitazama kama mkufunzi au kama mke. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Shingo nayo ilitaka kuinama. Niliikaza. Nilimwachia mkono, nikageukia anayefuata, na yeye akatoka nje akipuliza kidole chake kama watoto wanavyopuliza.

Tulirudi nyumbani kura zilipokwisha kuhesabiwa na watu kutawanyika. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilitua kifurushi cha vitambaa vya kanisa kwenye mkeka. Yeye alivua viatu, akakaa kwenye kigoda, kisha akainuka tena akanijia na kidole chake cheusi.

"Sasa tuko kwetu," alisema.

"Unataka nini?"

"Ile haukusema kule."

Ningeweza kumwambia angoje. Nilikuwa na haki ya kumngojesha, nilidhani, hata kidogo, hata mpaka chai ichemke. Lakini mkono ulikuwa umeshanyooshwa. Nikaushika. "Ubarikiwe," nilisema.

"Na kichwa pia, Papa."

Nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikaanza kumwombea kwa maneno kamili, kazi yake, miguu yake, sauti yake. Safari hii koo halikunikauka. Ndipo mwimbishaji alipoita kutoka kwenye uzio, sauti yake imerudi yote, kama aliyekuwa ameiweka akiba tangu asubuhi.

"Formatrice! Weee, formatrice! Kuja uniambie ukweli: kiti nilikikalia muzuri ao nilikikalia mubaya?"

Mke wangu alicheka. Mkono wake ukatoka taratibu katika mkono wangu, nikasikia nyayo zake zikienda upande wa uzio, na wao wawili wakianza kusimuliana siku ile tangu mwanzo. Mimi nilimaliza maombi peke yangu. Nilisema "Amina" kwa sauti, ili wasikie, kisha nikaanza kukunja vitambaa.